Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Usiku wa jana niliota, na kwa kuwa mimi si mtu wa ndoto, nitaeleza kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mteja ubovu wa televisheni yake.

Niko kwenye foleni. Foleni ni ndefu na sakafu ina moto. Nimevaa koti langu la kazi, lile la bluu lililoungua mfukoni, na kifuani nimechorwa alama ya kutoa kwa chaki. Aliye mbele yangu ana alama ya kutoa. Aliye nyuma yangu naye ana ya kutoa. Nikaangalia mpaka mwisho wa foleni kama kuna hata mmoja mwenye alama ya kujumlisha, nikamkosa.

Aliye nyuma akaniambia nisimsogelee. Nikamjibu kwamba yeye ndiye anayenisogelea. Akasema haidhuru ni nani, sisi sote hapa ni hasi, na hasi kwa hasi hawakai pamoja. Kweli, kila tulipokaribiana kitu kilitutenganisha, bila ugomvi wala matusi.

Niishie hapo kwanza. Kuna jambo la mchana, na bila kulijua hamtaelewa kwa nini nilikuwa na haraka kwenye foleni ile.

Mimi ni fundi Mihambo. Natengeneza televisheni za chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu, hapa Tabora, nyuma ya soko, mwaka wa thelathini na moja huu. Watu wananicheka, wanasema nimebaki na chogo wakati dunia nzima imehamia bapa. Waache wacheke. Bapa ikifa inatupwa. Chogo likifa linaletwa kwangu.

Wiki mbili zilizopita Mama Nyamizi aliniletea la kwake, halina sauti. Nyamizi ni binti yake. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, zamani sasa. Mama ana picha zake nne ukutani. Juzijuzi wakwe wa mwanawe mkubwa, watu wa Nzega, walifungua sanduku la zamani wakakuta kanda ya video ya harusi ya huyo mwana, kanda ambayo Mama Nyamizi hakuwahi kuiona, wakamletea. Wakamwambia Nyamizi yumo. Anapita mara moja tu, keki inapoletwa, kona ya chini, mkono wa kulia. Sekunde tisa.

"Picha ninazo, fundi," aliniambia. "Kwenye picha amesimama. Nataka nimuone anatembea."

Nikatengeneza sauti, akaenda nayo. Alipoweka kanda kwenye deki yake ya zamani, palepale kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, palikuwa na doa la zambarau kubwa kama sahani ya wali. Keki ikaletwa. Kitu cha zambarau kikapita. Akarudisha nyuma akaangalia tena, kikapita tena.

Akanirudishia televisheni. Doa la rangi kwenye kioo mara nyingi ni sumaku imeingia, basi nikafungua kifuniko, nikapitisha pete yangu ya waya ya kufutia sumaku. Doa halikutoka. Nikamuuliza huwa anaweka nini juu ya televisheni. Akasema karedio kadogo ka betri. Nikamwambia basi ndiyo hiyo redio, spika yake ina sumaku, umeua kioo mwenyewe, na kioo kingine siku hizi hakipatikani. Nilisema kwa sauti, jirani yangu muuza vocha akasikia, na wateja wake wakasikia. Mama Nyamizi akajibu polepole kwamba hakujua, na akaniomba radhi.

Kanda nayo, aliponionyesha, niliona imekauka, inamwaga unga. Nilimwambia itavumilia kuchezwa mara moja, ikizidi hapo sijui. Kwa sababu hiyo mimi mwenyewe sikuwahi kuicheza, nilijaribia kioo kwa chenga tu, zile punje zinazorukaruka pasipo na picha. Jana mchana akasema basi, kesho saa mbili asubuhi atakuja, ataangalia mara hiyo moja na doa lake hivyohivyo, iwe imekwisha.

Hiyo kesho ndiyo leo. Turudi kwenye foleni.

Mbele kabisa ameketi Waya. Ni waya tu, mwembamba, mwekundu kwa moto, amekaa kwenye stuli na ana daftari mapajani. Hapo nikajua nilipo. Niko ndani ya chogo, kwenye shingo ya kioo, mahali ninapopashika kila siku ya Mungu. Yule ndiye anayepasha moto, na sisi ndio tunaorushwa mbele kwenda kugonga kioo na kuwasha nukta za rangi. Sikushangaa. Niliona tu vumbi ni jingi, nikasema moyoni kwamba nitakuja kupiga brashi.

"Jina," akasema Waya.

"Fundi Mihambo."

"Hapa hakuna fundi. Chaji?"

"Hasi."

"Uzito?"

Nikasema kilo sabini na nne. Akaandika sifuri, akaweka nukta, akaendelea kuandika sifuri mpaka mstari ukajaa, mwisho kabisa akaweka tisa. Akasema watu wakitoka nje huko wanajiona wazito sana. Kisha akanipa karatasi. Imeandikwa: mstari wa mia tano na kumi, nukta nyekundu, mdomo wa chini.

Nikamuuliza mdomo wa nani. Akasema hawaandiki majina, wanaandika mahali, na mahali pangu ni kona ya chini, mkono wa kulia. Mahali hapo nilipajua. Nikamuuliza kama huko watu wanafika.

"Hawafiki," akasema Waya. "Wanapindishwa. Anayefuata."

Baada ya mlango anasimama Umeme. Ni mwanamume mnene mwenye koti la njano linalong'aa, kama wale wa kazi za barabara, na kazi yake ni kumsukuma kila mtu mgongoni. Nikamwomba angoje kidogo, nimesimama, sijajiandaa. Akasema kwake hakuna tofauti. Umesimama, unatembea, umelala, maadamu una chaji atakusukuma, na kwa nguvu ileile. Nikataka kujua, ningekuwa na alama ya kujumlisha ingekuwaje? Akasema angenisukuma vilevile, ila kurudi nilikotoka.

Mara anapita mke wangu, Milembe. Ana beseni la mchicha kichwani na kifua chake hakina alama yoyote. Anapita katikati ya foleni, anapita mbele ya Umeme, na hakuna anayemgusa.

"Na huyu?" nikauliza.

"Hana chaji," Umeme akasema. "Hanihusu."

Milembe akaniambia nikirudi nije na chumvi, akapenya kwenye ukuta na mchicha wake. Tuna miaka ishirini na sita ya ndoa, na ni jana tu nimejua kwa nini mambo yangu hayamsumbui.

Kisha Umeme akanisukuma. Nisiseme uongo, niliona raha. Kila hatua inakuwa ndefu kuliko iliyopita, na siombi kuongezwa, naongezwa tu. Mbele naona ukuta mkubwa wenye alama ya kujumlisha, na jinsi ninavyoupenda ukuta ule, sijawahi kupenda ukuta namna hiyo.

Njiani wamesimama mapacha wawili waliojizungushia waya wa shaba kiunoni, Kulwa na Doto. Kulwa anaelekeza watu kushoto na kulia, Doto anaelekeza juu na chini. Hawagusi mtu. Wanasoma karatasi yako, wanainua mkono, na wewe unapinda ukiwa kwenye mwendo uleule. Nao ni sumaku, lakini sumaku wa kazi, wenye kibali. Nilitaka kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyewafunga pale, ila hawakuonekana kunitambua.

Doto aliposoma karatasi yangu akatikisa kichwa. Akasema atanielekeza panapotakiwa, ila yatakayonipata kule konani yeye hayumo. Akashusha mkono, nikashuka.

Ghafla naona nyasi.

Niko kwenye uwanja wa mpira, jua la saa nne limewaka, magoli hayana nyavu. Kule mbali, kwenye kona ya mkono wa kulia, kuna kibendera chekundu. Sijaambiwa na mtu, lakini najua kibendera kile ndicho nukta yangu. Nikakaza mwendo kukifuata.

Nikapinda. Sikutaka kupinda, nilipinda tu. Nikajirekebisha, nikapinda tena, na baada ya muda nikajikuta nimezunguka duara zima na kurudi nilipoanzia. Nikarudia mara tatu. Wenzangu nao walikuwa wanapinda. Huyu karatasi yake imeandikwa nyekundu, anaangukia bluu. Yule ameandikiwa kijani, anaangukia nyekundu. Kila aliyeanguka alisema samahani na kuwaka mahali pasipo pake, na kona yote ikawa ya zambarau.

Karibu na kibendera ameketi mwanamke mzito, wa duara, mwenye tundu katikati ya tumbo. Kupitia tundu lile naona nyasi za upande wa pili. Amekalia mkanda wa chuma uliozunguka uwanja mzima.

Nikasimama kwa adabu, nikamwambia shikamoo. Akaangalia kando kana kwamba hakuna mtu. Nikapiga hatua mbili.

"Marahaba," akasema.

Nikasimama tena ili tuzungumze vizuri. Akanyamaza. Nikatembea, akaniambia kwamba jina lake ni Sumaku na kwamba hana habari na mtu aliyesimama. Anamwona anayetembea tu, na anayetembea kwa kasi zaidi anamwona zaidi. Kwa hiyo ikabidi tuongee huku natembea, na nikitembea napinda, na nikipinda nazunguka. Swali nalitoa nikiwa usoni kwake, jibu linanikuta niko mgongoni.

Nikamlalamikia kwamba ananizuia. Akasema yeye hajamzuia mtu tangu azaliwe.

"Angalia mwendo wako," akasema. "Ni uleule uliokuja nao. Sikuongezi, sikupunguzi. Nakusukuma ubavuni, basi."

Nikasema nimechoka kuzungushwa. Akasema haiwezekani niwe nimechoka, maana kazi ni kuongeza au kupunguza mwendo wa mtu, na tangu nifike hajanifanyia hata kidogo. Nikapiga hesabu nikiwa naendelea kuzunguka, nikaona ni kweli, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Mimi nikiudhika nakuwa mkali. Nikamwambia Kulwa ana kibali na Doto ana kibali, yeye cha kwake kiko wapi, na ni nani aliyempa ruhusa ya kukaa kwenye televisheni ya watu na kuwaharibia sura. Nilikuwa nafika mgongoni kwake nilipomaliza kusema. Hapo nikaona skrubu.

Zilikuwa sita, zimemng'ang'ania mgongoni. Tano ni za kawaida, za kifuniko cha nyuma. Ya sita ni fupi na kichwa chake ni kipana, ilitoka kwenye pasi mbovu, niliifunga mimi mwenyewe kwenye televisheni ya Mama Nyamizi baada ya kuipoteza ile halali.

"Nani kakuweka hapa?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Wewe," akasema Sumaku.

Hapa inabidi nieleze mazoea ya kazi yetu. Skrubu ni vitu vya kupotea. Basi kila fundi ana sumaku ya spika iliyokufa, na kila skrubu anayoifungua anaibandika hapo. Mkono wa kulia unafungua, wa kushoto unabandika. Na sumaku yenyewe unaibandika popote mkono wa kushoto unapokuta chuma. Ukikaa nyuma ya chogo, chuma cha kwanza mkono wa kushoto unachokikuta ni ule mkanda unaobana kioo, kwa chini. Kwa anayetazama kutoka mbele, hiyo ni kona ya chini, mkono wa kulia. Nimefanya hivyo miaka yote hii bila kuangalia, kama mtu anavyotundika kofia.

"Mara ya kwanza ulinibandika ulipokuja kutengeneza sauti," akasema Sumaku. "Nilikaa siku mbili, bati lote la nyuma ya kioo pale konani likashika tabia yangu. Ukanibandua, tabia ikabaki. Mara ya pili ulinibandika ulipokuja kumtafuta aliyeharibu. Ulipitisha pete yako mimi nikiwa nimekaa hapahapa, nakutazama."

Nikasema kulikuwa na redio.

"Redio ilikuwa juu," akasema. "Doa liko chini."

Nilizunguka mzunguko mzima. Niliona aibu, na si aibu ya kukosea, maana fundi anakosea. Nilimwona Mama Nyamizi mbele ya banda langu, mkoba kwapani, ananiomba radhi mimi, nami nimeshika bisibisi naitikia kwa kichwa, kama mtu anayesamehe.

Nikamwomba Sumaku aondoke. Hakukataa. Alisema hawezi, hana miguu, aliyembandika ndiye wa kumbandua. Nikanyoosha mkono nimbandue. Mkono wangu haukuwa na uzito wowote, ulipinda ukapita ubavuni kwake, nami nikaufuata.

Ndipo nikamwita Umeme.

Alikuja anahema, koti wazi. Nikamweleza kwamba huyu ananisukuma ubavu huu, je, yeye hawezi kunisukuma ubavu wa pili? Akasema anaweza, lakini kuna tatizo. Yeye anamsukuma kila mtu sawasawa, na Sumaku anasukuma kulingana na mwendo wa mtu. Mwendo ukizidi, Sumaku atamshinda. Mwendo ukipungua, yeye atamshinda Sumaku. Kuna mwendo mmoja tu ambao wote wawili wanalingana, na mwenye mwendo huo anapita katikati yao moja kwa moja, kama hayupo.

"Mwendo gani?" nikauliza.

"Nitakwambia ukiufikia," akasema.

Akaanza kunisukuma mgongoni. Bado, akasema. Nikapinda kidogo. Bado. Nikapinda tena. Bado. Halafu akasema sasa, akakimbia akahamia ubavuni, akaweka viganja vyote viwili kwenye mbavu zangu, na Sumaku akawa upande wa pili, wote wananisukuma kwa nguvu zao zote.

Natembea na sipindi. Upande huu nasukumwa, upande huu nasukumwa, na katikati kumetulia kabisa. Naogopa kupumua. Nawaza kwamba nikiongeza hata chembe ya haraka nimekwisha, na mtu mwenye haraka siku ile katika Tabora nzima alikuwa mimi. Sikuongeza. Kibendera kinakua.

Nikakigonga. Hakikuwa kibendera, kilikuwa nukta, na ikawaka nyekundu. Sikuumia.

Niko ukumbini. Kuna maua ya karatasi kwenye kuta na keki imebebwa na wanaume wawili waliosimama mguu mmoja ukiwa hewani. Kila mtu ameganda. Kando yangu, yaani juu yangu na kunizunguka, yupo msichana mwenye gauni la kijani, na mimi ni sehemu ndogo sana ya mdomo wake wa chini.

"Shikamoo, fundi," akasema Nyamizi.

"Marahaba. Mbona umesimama?"

Akasema anangoja wengine, kwa sababu mimi ni nukta moja tu na yeye anahitaji nyingi. Nikamwambia mama yake anataka kumuona anatembea. Akasema anajua. Mama alikuja mara mbili, mara zote mbili yeye alipita mbele yake kabisa, na mara ya pili mama alisogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Mimi nilimwona," akasema. "Yeye hakuniona."

Nikamwambia kosa ni langu. Hakulaumu wala hakunituliza. Alisema tu nimwondoe yule aliyekaa konani. Nikaahidi. Halafu nikaona ameshika kiatu mkononi, kiatu cheupe cha kike, kamba yake imening'inia, na mguu mmoja uko peku. Nikamuuliza kimefanya nini.

"Kimekatika nikicheza," akasema. "Usimwambie mama. Alinikataza nisivivae."

Nikasema sitasema. Nukta ikazimika.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu, kumeshapambazuka. Milembe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekasirika, kwa sababu nilikuwa nimejiviringisha shuka yote mwilini na yeye amelala bila kitu. Akaniuliza nilikuwa nazungukia nini. Nikamwambia nakwenda kazini. Akasema nikirudi nije na nyanya. Nilimuuliza mara mbili kama si chumvi, akasema chumvi ipo.

Bandani nilikuta televisheni ya Mama Nyamizi kama nilivyoiacha, imetazama ukuta, kifuniko kimefunguliwa. Nikainama. Sumaku ilikuwa kwenye mkanda wa chuma, chini, mkono wa kushoto, na skrubu sita juu yake. Hilo halikunitisha. Mkono wangu ulikuwa unajua muda wote, kichwa ndicho kilichochelewa kuambiwa, na usiku kikaambiwa. Nikaibandua, nikaitoa nje kabisa, nikaiweka juu ya jiwe. Nikachomeka pete ya waya, nikaipitisha mbele ya kioo kwa mzunguko, nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nikawasha. Chenga zilikuwa nyeupe na nyeusi kona zote nne. Kazi ya dakika mbili, na mimi nilimpa mama wa watu siku kumi za zambarau.

Saa mbili kamili akaja, deki mikononi, kanda ameifunga kwenye kitenge. Nikamwamkia, nikamwomba akae. Nikamwita muuza vocha asogee, maana siku ile alisikia.

"Mama," nikasema, "redio yako haina kosa. Mimi ndiye niliyeweka sumaku pale, na mimi ndiye niliyekulaumu. Naomba unisamehe."

Akasema redio alishaigawa kwa jirani siku ileile, alikuwa hataki kuiona. Kisha akaniambia niweke kanda kwanza, mengine baadaye, na tuiangalie hapahapa, asije akatembea nayo ikakatika njiani.

Nikaunganisha deki. Kanda ikalia kwa ukavu wake, picha ikacheza, ikatulia. Maharusi, wazee, wapiga ngoma, mtu anasogeza viti. Mama Nyamizi alikuwa ameshika kingo za stuli. Wanaume wawili wakaingia na keki.

Kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, akaingia msichana mwenye gauni la kijani. Sikuwahi kumuona maishani, hata picha za ukutani kwao sijawahi kuziona. Anatembea kwa kuchechemea, anacheka na mtu ambaye kamera haimwoni, na mkono mmoja ameuficha nyuma. Halafu akageuka kumpisha mtu, mkono ukaonekana.

Nywele za mikono yangu zilisimama zote.

"Ameshika nini yule?" Mama Nyamizi akauliza. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Kiatu. Amekata kiatu. Nilimwambia, nilimwambia asivivae vile viatu, fundi, kamba zimeoza."

Nyamizi akavuka mpaka ukingo wa kioo, anachechemea, akatoka. Kanda ikakatika muda mfupi baadaye. Mama Nyamizi alikuwa anacheka na kulia, akaniuliza kama na mimi nimekiona hicho kiatu. Nikamwambia mimi nilikuwa naangalia rangi.